Tamthilia imenichosha, lakini mkwe wangu ananiwekea nafasi

Shangazi, assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, naishi Wete kwa wakwe zangu. Mume wangu yuko kikazi Unguja. Huja na boti mwisho wa mwezi, na kuna miezi hupita asije. Nyumbani tupo mimi, mkwe wangu, wifi yangu ambaye bado hajaolewa, na binti yangu wa darasa la tatu. Baba mkwe ameshatangulia mbele ya haki. Jambo ninalokuandikia huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi linanikosesha raha kila jioni.

Tangu mfungo tatu tunaangalia tamthilia mpya ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Inaanza saa mbili na nusu usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Majirani nao wanakuja, kwa hiyo ukumbi unajaa. Hadithi yenyewe ni ya msichana wa shamba anayepelekwa Istanbul kuolewa kwenye nyumba ya matajiri badala ya dada yake, maana dada ametoroka usiku wa kuamkia harusi na wazee wamechelea aibu. Bwana harusi hajui kuwa aliyefunikwa shela siye aliyemposa. Mwanzoni ilinikamata khasa. Nilikuwa nikimaliza kusahihisha madaftari kabla ya Magharibi ili nisikose hata wimbo wa kufungulia.

Sasa imenitoka moyoni. Steringi wao, ambaye sisi tunamwita Bwana Koti kwa sababu hata ndani hajapata kuvua koti, aliijua siri, akakasirika, akahama nyumba, akarudi, akasamehe, akasikia uongo mwengine, akakasirika upya. Wakiangaliana yeye na mkewe, huangaliana mpaka tangazo la sabuni linaingia, na kesho yake tunaanzishiwa pale pale tulipoachia. Wifi yangu anasema nivumilie, ati mbele huko kuna mambo.

Tena kuna hili. Juzi hivi Bwana Koti alimpiga mkewe kofi mbele ya wageni. Siku ya pili akamletea maua, kinanda kikalia taratibu, na ukumbini kwetu kila mtu akashusha pumzi. Binti yangu alikuwa amelaza kichwa pajani kwangu, nikidhani ameshasinzia. Akainuka akaniuliza, "Mama, kampiga kwa sababu anampenda?" Jirani mmoja akawahi kumjibu: "Ndiyo mwanangu, wivu huo." Wengine wakacheka, mkwe wangu akasema tunyamaze asikie, na jibu langu likabakia mdomoni.

Anayenivuta bado ni mama mmoja tu, mpishi wa ile nyumba. Hana maneno mengi. Barua aliyoiacha yule dada aliyetoroka anayo yeye, kaificha ndani ya kopo la unga, na kila anapotaka kukanda mkate huangalia mlango kwanza ndipo afungue kifuniko. Hajamwambia mtu, na sisi watazamaji hatujui anamlinda nani. Siku ile ya kofi alikuwa akimimina chai. Mkono wake ulibaki umeinamisha birika vile vile, chai ikafurika kikombe mpaka kwenye kisahani, ikashuka kwenye kitambaa cha meza, na macho yake hayakubanduka kwa Bwana Koti. Hakuna aliyemsemesha. Mimi usiku ule nililala nikimfikiria yeye.

Utaniuliza, kwa nini basi nisiinuke nikaenda zangu kulala? Ni kwa ajili ya mkwe wangu. Msimu huu wa karafuu kazi ya kuchambua tunaifanya mbele ya televisheni. Jamvi linatandikwa katikati ya ukumbi, karafuu mbichi zinamwagwa, kila mtu anakaa upande wake na kutenga makonyo. Mkwe wangu ananiwekea nafasi ubavuni pake, anaikunja kanga yake na kuitandika niketi juu yake kwa kuwa anajua mgongo unanisumbua. Mchana hatuonani, mimi nipo skuli na yeye yupo shamba. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Hii saa ya tamthilia ndiyo iliyotufungua midomo. Analaumu wazee wa kwenye tamthilia, mara anaingia kwenye ya kwake, alivyoozwa yeye, alivyokaa na marehemu mumewe, mambo ambayo hata mume wangu hayajui. Nikiinuka naogopa ataona nimemchoka yeye.

Halafu najisemea, nimeshaiangalia muda wote huu, nikiiacha sasa si nitakuwa nimepoteza bure? Mume wangu naye, kwa nia njema, anataka kutulipia kifurushi kikubwa zaidi ili tupate ile chaneli inayorudia sehemu za wiki nzima siku ya Jumamosi.

Niiache au nivumilie, Shangazi? Na nikiiacha, mkwe wangu nimwambieje?

Mwalimu wa Wete

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Umeyafunga mambo mawili fundo moja: hadithi iliyokuchosha, na jamvi unaloogopa kulikosa. Yafungue. Hadithi iweke kando kwa wiki moja, kuanzia Jumatatu ijayo. Jamvini usikose hata usiku mmoja. Namna ya kuyafanya yote mawili nitakueleza, lakini kwanza tuzungumze hiyo "mbele huko" ya wifi yako.

Mbele ya tamthilia inategemea inatoka wapi. Huko Uturuki tamthilia za jioni huoneshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja hupindukia urefu wa saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya kiasi cha dakika 45, ndiyo maana wiki moja ya kwao huweza kuwa siku tatu za kwenu. Waandishi wanaandika huku tamthilia iko hewani, na chaneli inahesabu watazamaji. Wakipungua, hadithi hufungwa haraka haraka hata kama mambo hayajakaa sawa. Wakizidi, hurefushwa. Kule kuangaliana mpaka sabuni iingie kunatokana na hayo: zipo saa mbili za kujazwa kila wiki, na mwandishi aliyebanwa na wakati huona nafuu kuwasimamisha watu wawili dirishani wakatazamana huku muziki ukipiga. Kwa hiyo mwendo unaouona sasa ndio mwendo wake. Matukio makubwa yatakuja, wifi yako hajakudanganya, lakini baina ya tukio na tukio mtakaa vile vile.

Ingekuwa ya Korea ningekwambia vumilia, kwa sababu nyingi zina sehemu 16 hivi, na ukishafika nusu mwisho unauona. Za Mexico nazo huanza zikiujua mwisho wao. Miezi kadhaa, basi. Zinazotisha ni za Kihindi za kila usiku, ambazo huenda miaka na miaka. Hadithi ikikauka wanaruka miaka 20 mbele, na kichanga cha jana leo kinavishwa nguo za harusi. Yako imo katikati ya hizo. Lakini ina neema moja: mpaka tamthilia ya Kituruki itiwe sauti za Kiswahili na kufika ukumbini kwenu, mara nyingi huko kwao imeshamalizika zamani. Mwisho wake upo na watu wanaujua. Wifi yako ana simu, atafute: zimebaki sehemu ngapi, na ilimalizwa ikamalizika au ilikatwa njiani? Maswali hayo mawili yatakusaidia kuliko ahadi kwamba kuna mambo.

Usiogope kuharibiwa hamu. Wazee wetu waliokuwa wakienda sinema ya Kihindi walijua tangu kwenye mlango wa tiketi kwamba steringi hafi, na walikwenda, tena picha moja mara mbili mbili. Mwisho ukiujua ndipo utajua kama njia ya kufikia huko bado unaitaka, au kama ulikuwa umekaa kwa kusubiri jibu tu.

Kuhusu kupoteza, mwanangu, zile jioni zimeshapita na zimeshakulipa. Ulifurahi mwanzo, na mkwe wako amekufungulia kifua. Tamthilia haina deni kwako wala wewe huna deni kwayo. Unachoamua ni saa mbili na nusu ya kesho.

Sasa namna ya kupima. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, na wenzetu wa Bara walikaa mpaka 1994 ndipo wakapata vituo vyao. Lakini seti zilikuwa za nyumba chache, na aliyekosa nafasi alihadithiwa kesho yake. Kwenye sinema za mjini ilikuwa hivyo hivyo tokea zamani. Yalikuwapo maonesho ya wanawake peke yao, na aliyebahatika kwenda alirudi na kazi ya kuwahadithia waliobaki nyumbani, nyimbo na vilio vyote, ingawa Kihindi chenyewe wengi hawakukijua. Hadithi ikipita mdomoni mwa mtu, kutazamana hudondoka, na muziki hudondoka. Hubaki nani kafanya nini na kwa nini. Ikiwa ni hadithi ya kweli, hata kwa kuhadithiwa itakushika. Ikiwa ilikuwa ikikushika kwa muziki, utasikia mapema.

Basi wiki hiyo kaa nao kama kawaida, chambua karafuu, zungumza. Wimbo wa kufungulia ukianza, inuka na mtoto ukamlaze. Kesho ana skuli, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mpe mtoto ile saa yote: msomee, msikilize alivyoshinda, mpaka usingizi umchukue. Tamthilia ikimalizika rudi jamvini. Karafuu zilizochumwa leo haziwezi kulala hazijachambuliwa, kwa sababu asubuhi zinatakiwa juani, kwa hiyo kazi utaikuta. Ketia kanga yako uliyotandikiwa umwambie: "Mama, leo nimeikosa. Nihadithie."

Halafu sikiliza ulimi wako mwenyewe. Swali la kwanza litakalokutoka, lishike. Ukiuliza "Wamepatana?" na jibu lolote likakutosha, umeshamaliza na ile tamthilia. Ukiuliza "Na mpishi je?" na ukaudhika kwamba mkwe wako hakumtazama vizuri, hapo una sababu ya kurudi.

Nina dhana yangu utauliza lipi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Bwana Koti umempa mistari ya hasira zake, bibi harusi hukumweleza hata sura yake, lakini mpishi umenionesha mpaka kitambaa cha meza kilivyolowa. Mtu anayekumbuka kitambaa cha meza hajachoka na hadithi. Amechoka na wale waliowekwa mbele. Nami huwa nasema tamthilia inafaa kuendelea kuangaliwa maadamu yumo mtu mmoja ambaye ungependa kujua kafika wapi, hata awe wa jikoni. Lakini awe anaendelea kuwa mtu. Wakimgeuza mpishi kuwa wa kupita na sinia tu, au ile barua ya kwenye unga wakaisahau, na waandishi wa wiki kwa wiki husahau, wewe ondoka na usigeuke nyuma.

Mkwe wako unamwogopea bila ya sababu, naona. Humwambii umechoka. Unamwomba akuhadithie, na kwa mtu mzima hiyo ni heshima kubwa kuliko kukaa ubavuni pake unapiga miayo. Tena umesema mwenyewe kwamba kila akizungumza ya tamthilia huingia kwenye ya kwake. Televisheni ikiwa imezimwa, na majirani wameondoka, na mmebaki nyinyi watatu na karafuu, ataingia zaidi. Msikilize vizuri alivyoozwa yeye. Ukiona anakerwa na wewe kukosa, usizunguke, mwambie asubuhi mkiwa peke yenu: "Mama, ile hadithi imenipita kidogo, lakini kukaa na wewe hakujanipita." Mama aliyekunja kanga kwa ajili ya mgongo wako atafahamu.

Nije kwenye kofi, maana hilo ndilo lililonifanya niichague barua yako.

Mwaka 2023 RTÜK, baraza linalosimamia utangazaji huko Uturuki, liliitoza faini chaneli moja na kuisimamisha tamthilia yake kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya tukio la mume kumsukuma mkewe kutoka dirishani. Watu wakagawanyika. Wako waliosema adhabu ni haki. Wako waliosema ukatili upo majumbani, kuuonesha si kosa, na kuuficha ndiko kunakoulinda. Mimi nipo na hawa wa pili, kwa sharti moja: tutazame kinachofuata baada ya pigo. Mwandishi anayetaka tuone ubaya wake ataiacha alama ya pigo lile ndani ya hadithi. Mke ataondoka, au ndugu zake watauliza, au mume atashindwa kumtazama mtu machoni. Ya kwenu ilifuatiwa na maua na kinanda. Kinanda ndicho kilichoamua ukumbi mzima ujisikie vipi, na jirani yako alipomjibu mtoto, alikuwa akirudia alichoambiwa na kinanda. Usimchukie kwa hilo. Wapenzi wawili ndio wanaoleta watazamaji, kwa hiyo waandishi huwa na haraka ya kuwarudisha pamoja, na anayelipia haraka hiyo ni yule mke.

Lakini kuna birika. Kamera isingekaa kwenye kikombe kinachofurika kwa bahati tu. Mtu aliamua tukione. Ndani ya hadithi ile yumo mmoja aliyelikataa kofi, ijapokuwa hakusema, na waliotengeneza walitaka wewe umwone. Ndiyo maana sikukwambia uiache moja kwa moja. Huenda waandishi wanamlea mpishi kwa siku yake. Ukisikia kwa mkwe wako kwamba kofi la pili limepigwa na maua ya pili yameletwa, na mpishi hakutokea popote, basi jibu umelipata na huna haja ya kusubiri Ijumaa.

Mtoto ni suala jengine, na hilo halisubiri wiki. Ukiamua kuendelea na tamthilia au kuiacha, yeye asiwepo saa ile. Si kwa sababu ataona watu wameshikana mikono. Ni kwa sababu ana miaka ambayo anachokisikia kwa watu wazima wakicheka anakichukua kuwa ndivyo dunia ilivyo. Aliuliza swali zuri sana, na alilolipata ni jibu la jirani. Lako bado anakudai. Usingoje aulize tena. Usiku wa kwanza ukimlaza, mwambie wewe: "Uliniuliza siku ile kama kampiga kwa sababu anampenda. Hapana. Kampiga kwa sababu alikasirika, na akaona anaweza kumpiga asifanywe kitu. Anayekupenda akikasirika hutoka nje, au hunyamaza, au husema neno kali kisha akaomba radhi. Mkono hanyanyui." Halafu mwache aulize. Atauliza mengi, na huenda akakuuliza kwa nini basi watu walicheka. Mwambie wakubwa nao hukosea. Wewe ni mwalimu, unajua mtoto wa darasa la tatu anaweza kulipokea hilo bila ya kuvunja adabu kwa mkubwa yeyote.

Watoto wa majirani nao wamo humo ukumbini, bila shaka. Hapo usiingie wewe. Nyumba ni ya mkwe wako, na akisema yeye kwamba saa mbili na nusu watoto wakalale, hakuna jirani atakayenung'unika. Mwombe hilo moja, faraghani, na umweleze swali aliloliuliza mjukuu wake na jibu alilopewa. Siku ile alikuwa akitaka kusikia, huenda hakulisikia kabisa.

Na samahani, mwanangu, nikuulize la ndani kidogo, kwa sababu si kila barua ya tamthilia ni ya tamthilia. Kama kofi lile limekuuma kwa kuwa mkono kama huo ulishakufikia, au unamjua jirani anayeishi hivyo, usikae nalo kimya. Vituo vya Mkono kwa Mkono vipo kwenye hospitali za Wete na Chake Chake, unaonwa na daktari, mshauri na polisi pahala pamoja. Kama si hivyo, alhamdulillah, lipite.

Limebaki la kifurushi. Mwambie mume wako asilipe kwanza. Marudio ya Jumamosi yanamfaa anayefuatilia, na wewe mpaka Ijumaa hiyo hujui kama unafuatilia. Ukirudi kwa ajili ya mpishi, hizi tano za wiki zinakutosha, na utakayoikosa anayo mkwe wako mdomoni. Nia yake ya kuwafurahisha ni njema, mshukuru kwa dhati. Lakini mwombe pesa hizo azitie kwenye nauli ya boti, ili ile miezi inayopita asije ipungue.